Hewa ya Sumu Itokayo Katika Makaa

Katika nchi za milimani, kama vile Usambara, Njombe na pande za Limuru, miezi ya Juni na Julai ina baridi kali. Jioni ukungu hushuka, na watu hufunga milango na madirisha mapema. Wengine huziba hata nyufa kwa matambara ili upepo usipenye. Mwenye jiko la makaa, akiisha kupika chakula cha usiku, huona ni hasara kuuacha moto mwema upotee bure uani. Basi huliingiza jiko chumbani, makaa yakiwa mekundu, hayana moshi tena, na watu wa nyumbani hujilaza kwa raha ya joto.

Asubuhi majirani hupiga hodi, wala hapana aitikiaye. Mlango ukiisha kuvunjwa, watu huonekana wamelala vile vile walivyolala jana. Hapana jeraha, hapana damu, wala hapana kitu kilichoibwa. Jiko liko katikati ya chumba, na moto wake umekwisha zimika.

Msiba wa namna hii umetokea mara nyingi, katika Afrika na katika nchi nyingine zenye baridi. Mara nyingine watu hunong'ona kwamba marehemu wamerogwa, au wamelishwa sumu na adui. Kweli ni sumu, lakini hapana mtu aliyeitia chakulani, imetoka jikoni. Jina lake ni kaboni monoksidi. Yafaa kila mtoto aijue tabia yake, kwa maana aijuaye aweza kuokoa nyumba nzima, na asiyeijua aweza kufa akidhani amepata usingizi mwema.

SUMU HII YATOKA WAPI

Kuni, makaa, mafuta ya taa, petroli na gesi ya kupikia, vyote vina kaboni ndani yake. Vikiwaka mahali penye hewa tele, kaboni hushikana na oksijeni ya hewani kwa ukamilifu, ikawa kaboni dioksidi, yaani hewa ile ile itokayo katika pumzi za watu. Lakini oksijeni ikiwa haitoshi, kaboni hupata nusu tu ya fungu lake, na hapo ndipo itokapo kaboni monoksidi. Tofauti yaonekana ndogo, lakini ni tofauti ya uzima na mauti.

Makaa huitoa hewa hii kwa wingi, kwa sababu hulala yamerundikana, na upepo haupiti vema katikati yake. Tena chumba kikifungwa, moto wenyewe huila oksijeni iliyomo. Na kadiri oksijeni ipunguavyo, ndivyo sumu izidivyo. Injini nazo huitoa nyingi sana. Motokaa ikiachwa inanguruma ndani ya banda lililofungwa, au jenereta ikiwekwa ukumbini au chini ya dirisha, kwa muda mfupi hewa ya nyumba yaweza kuwa ya kuua.

Jambo moja huwadanganya watu wengi. Kuni mbichi hutoa moshi. Macho huwasha, kifua hukohoa, na watu hutoka nje mbio. Moshi umewafukuza, na kwa kuwafukuza umewaokoa. Lakini makaa mekundu hayatoi moshi, basi watu hufikiri hayana madhara. Kumbe kaboni monoksidi haina rangi, wala harufu, wala ladha. Haiwashi macho wala haikerezi koo. Moshi ni kama mwivi apigaye kelele mlangoni. Hewa hii ni kama mwivi anyemeleaye kwa miguu mitupu, watu wamelala.

Wako wafikirio kwamba makaa yakifunikwa majivu hayadhuru tena, au kwamba bakuli la maji likiwekwa karibu na jiko litaivuta sumu. Mambo hayo mawili si kweli. Makaa yaliyo chini ya majivu bado yanawaka polepole na kutoa sumu, na maji hayawezi kuishika hewa hiyo. Wengine husema kwamba alalaye kitandani ni salama kuliko alalaye sakafuni. Hilo nalo si kweli. Hewa hii huchanganyika na hewa ya chumba chote, juu na chini.

KAZI YAKE KATIKA DAMU

Ili kufahamu jinsi sumu hii iuavyo, afikiri mtu juu ya mto mpana wenye mashua za kuvusha abiria. Katika damu mna chembe nyekundu zisizohesabika, na ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho himoglobini. Hizo ndizo mashua. Mapafu ni bandari ya kupandia, na oksijeni ndiyo abiria. Mashua hujaa mapafuni, zikaenda na mkondo wa damu mpaka katika ubongo, moyo na misuli. Huko abiria hushuka kufanya kazi yao, na mashua hurudi kuchukua wengine. Kazi hii haikomi mchana wala usiku.

Basi kaboni monoksidi ni abiria mbaya. Yashikamana na himoglobini kwa nguvu zipitazo mara 200 zile za oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, hupanda kwanza na kutwaa nafasi. Tena ikiisha kukaa haitaki kushuka upesi. Mashua zaenda zimejaa na zarudi zimejaa, lakini watu wa ng'ambo hawapati kitu. Kifua cha mgonjwa chapanda na kushuka kama desturi, hewa yaingia na kutoka, na huku mwili wake wafa kwa njaa ya oksijeni. Aliyeonyesha kwanza kwa majaribio kwamba hewa hii huifukuza oksijeni katika damu ni mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, katika miaka ya 1850.

Viungo viionavyo njaa hiyo mapema ni ubongo na moyo, na hapa ndipo penye hatari kuu. Ubongo ndio umwambiao mtu, "Ondoka, hapa pana hatari." Sumu hii humnyang'anya mtu kwanza mshauri wake, kisha nguvu za miguu. Mgonjwa hasemi, "Nakufa;" husema, "Nimechoka, niacheni nilale kidogo." Akitambua mwishoni na kutaka kutoka, miguu hukataa, akaanguka hatua chache tu kutoka mlangoni.

HABARI YA EMILE ZOLA

Hapo kale palikuwa na mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, jina lake Émile Zola. Mwezi wa Septemba mwaka 1902 alirudi mjini Paris pamoja na mkewe, Alexandrine, kutoka katika nyumba yao ya shamba. Siku ile palikuwa na baridi na unyevu, basi watumishi waliwasha moto wa makaa katika chumba cha kulala. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limeziba, wala hapana aliyejua. Bwana na bibi wakafunga milango na madirisha, wakalala.

Usiku wa manane mke aliamka, kichwa kikimwuma na moyo ukichafuka. Mume naye hakujisikia vizuri. Mke alitaka kuwaita watumishi, lakini Zola hakuona haja ya kuwasumbua watu katika usingizi wao. Walidhani ni chakula kilichowadhuru, na ya kuwa asubuhi wangekuwa wazima. Baadaye Zola aliondoka kitandani, lakini kabla ya kufika dirishani alianguka sakafuni. Mkewe hakuwa na nguvu ya kumsaidia, akazimia kitandani. Asubuhi watumishi waliona kimya kimezidi, wakavunja mlango. Mke alikuwa bado ana pumzi, akapona. Zola alikuwa amekwisha kufa, naye alikuwa na umri wa miaka 62.

Mtu huyu hakuwa mjinga. Vitabu vyake vilisomwa katika nchi nyingi. Wala hakukosa onyo, kwa kuwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu vilikuja mapema, wakati miguu ingali na nguvu na mlango haukuwa mbali. Alilokosa ni kujua maana ya onyo lile. Laiti wangalifungua dirisha saa ile ya kwanza, yamkini wote wawili wangalipona.

NDEGE WA WACHIMBA MAKAA YA MAWE

Siku zile zile palikuwa na mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe. Mara kwa mara moto ulilipuka chini ya ardhi, na watu walifikiri kwamba waliokufa waliuawa na kishindo na miali ya moto. Katika taarifa yake ya mwaka 1896 Haldane alionyesha kwamba wengi wao hawakuuawa na moto wenyewe, bali na kaboni monoksidi iliyobaki baada ya mlipuko. Ili kuijua kazi yake, aliivuta hewa hiyo yeye mwenyewe kwa vipimo, na kuandika jinsi alivyojisikia.

Haldane aliwashauri wachimbaji wachukue viumbe wadogo shimoni. Kiumbe mdogo hupumua upesi upesi, kwa hiyo sumu humpata kabla haijampata mtu. Wakachukua ndege mdogo wa manjano aitwaye kanari, ndani ya kitundu. Ndege akilegea na kuanguka, wachimbaji walijua wakati wa kutoka umefika. Desturi hiyo ilidumu Uingereza miaka mingi. Ni mwaka 1986 ndipo ilipoamriwa kanari waachwe na mashine zishike mahali pao. Siku hizi ziko kengele ndogo zitundikwazo ukutani nyumbani, zinazolia hewa hii inapozidi. Lakini nyumba nyingi hazina kengele wala kanari. Katika nyumba za namna hiyo, kichwa cha mtu ndicho kanari wake: kikianza kuuma penye moto, ni amri ya kutoka.

DALILI ZAKE

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea mwili. Zikifuata nyingine, mgonjwa hutapika, hukosa pumzi, moyo humpiga mbio, maneno yake huchanganyika, naye huenda akipepesuka kama mlevi. Mwisho huzimia, na pengine hushikwa na mitukutiko kama ya kifafa. Asipotolewa, hufa.

Dalili za mwanzo hufanana na homa ya malaria au chakula kibaya, na kwa sababu hiyo watu hukosea. Lakini yako mambo manne ya kuipambanua sumu hii. Kwanza, kuna moto au injini inayowaka ndani au karibu. Pili, watu wawili au zaidi wa nyumba moja huugua kwa wakati mmoja, na pengine paka au kuku waliomo nao hulegea. Tatu, wagonjwa hupata nafuu wakitoka nje, na wakirudi ndani huumwa tena. Nne, mwili wao hauna joto la homa.

Watu wengine husimulia kwamba mwenye sumu hii huwa mwekundu midomo na mashavu. Dalili hiyo ni ya nadra, na mara nyingi huja mtu akiisha kufa. Asingojee mtu kuiona ndipo asaidie.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye ugonjwa wa moyo, wenye upungufu wa damu, na wanawake waja wazito. Maana mtoto aliye tumboni aweza kudhurika hata mama akionekana hajambo.

MSAADA WA KWANZA

1. Mwokoaji asiingie mbio. Wengi wamekufa kwa kuwafuata ndugu zao katika chumba chenye sumu, na msiba wa mtu mmoja ukawa wa watatu. Kwanza na apige kelele kuwaita watu, na mtoto awaite wakubwa. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kufungwa puani hakizuii hewa hii hata kidogo.

2. Hewa safi iingizwe. Mlango ufunguliwe wazi kabisa, na madirisha yafunguliwe kutoka nje, au yavunjwe kama hayafunguki. Injini ikiwa inanguruma, izimwe.

3. Wagonjwa watolewe nje. Mwenye nguvu avute pumzi ndefu akiwa nje, aizuie, aingie, amshike mgonjwa makwapani na kumburuta mpaka uwanjani. Pumzi ikimwishia kabla hajamaliza, atoke kwanza, kisha arudi. Akiona kizunguzungu, asirudi tena. Watu kwanza, jiko baadaye. Na mahali pa chini kama kisima chenye mashine ya kuvuta maji, asishuke mtu kabisa bila watu wa kuokoa wenye vyombo vyao.

4. Mgonjwa atazamwe kama anapumua. Aliyezimia lakini anapumua vema alazwe ubavu, kichwa kikielekezwa nyuma kidogo, ili matapishi yasimzibe koo. Nguo za kumbana shingoni zilegezwe, afunikwe blanketi asipate baridi, wala asiachwe peke yake.

5. Asiyepumua alazwe chali mahali pagumu, naye aliyefundishwa kazi hii aanze mara moja. Aweke mikono miwili katikati ya kifua, abonyeze kwa nguvu na upesi, mara 100 hata 120 kwa dakika. Baada ya kila mibonyezo 30 ampulizie pumzi 2 kinywani, akimziba pua. Asiyejua kupuliza abonyeze tu. Kazi hii isiachwe mpaka mgonjwa apumue au msaada ufike. Mmoja akichoka, mwingine apokee.

6. Aliyezimia asipewe maziwa, wala maji, wala dawa yoyote kinywani. Sumu haiko tumboni, imo ndani ya damu. Tena maziwa yaweza kuingia mapafuni na kumwua.

7. Wote waliokuwa chumbani wapelekwe hospitali, hata waonekanao wamepona, na daktari aambiwe habari ya jiko au injini. Asipoambiwa, aweza kudhani ni malaria.

Sababu ya amri hii ya mwisho ni kwamba sumu hutoka katika damu polepole. Mtu avutaye hewa ya kawaida huchukua muda wa saa 4 au 5 hivi kutoa nusu yake. Hospitalini mgonjwa huwekewa oksijeni tupu kwa kifuniko cha uso, na muda huo hupungua hata kuwa saa moja na nusu au chini yake. Tena wako waliorudi nyumbani wazima, na baada ya siku kadha au majuma machache wakaanza kusahau mambo, au kutetemeka, au kubadilika tabia, kwa sababu ubongo ulikwisha dhurika. Hao nao warudi kwa daktari upesi.

JINSI YA KUJIKINGA

Kuponya ni kazi ngumu, lakini kujikinga ni rahisi, tena hakuna gharama. Jiko la makaa liwashwe nje, na chakula kikiisha kuiva moto uzimwe huko huko. Nyumba ikiwa na baridi, watu waongeze mablanketi, wavae sweta na soksi, au waote moto kwanza uwanjani kabla ya kulala. Alazimikaye kupikia ndani kwa ajili ya mvua afungue mlango na dirisha, na jiko litoke kabla ya watu kulala. Jenereta iwekwe nje, mbali na milango na madirisha. Wala mtu asilale ndani ya motokaa yenye injini inayonguruma mahali palipofungwa.

Joto la jiko chumbani ni tamu kwa usiku mmoja. Blanketi la pili halina utamu kama huo, lakini mwenye kulala chini yake huamka.

MASWALI

1. Kwa nini makaa mekundu yana hatari kuliko kuni zitoazo moshi mwingi?
2. Eleza kwa mfano wa mashua jinsi kaboni monoksidi izuiavyo oksijeni.
3. Zola na mkewe walipata onyo gani, nao wangalifanya nini?
4. Taja mambo manne yapambanuayo sumu hii na homa ya malaria.
5. Mtoto akikuta jirani zake wamezimia chumbani penye jiko, afanye nini kwanza, naye asifanye nini?